Mheshimiwa, Usiipige Simu Hiyo

Mtoto akidhalilishwa, yaani akifanyiwa ukatili wa kingono, visiwani kwetu Zanzibar, simu ya mwanzo mara nyingi haiendi polisi. Inaenda kwa mtu mwenye sauti. Anaanza sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, anafuata mzee wa ukoo, kisha diwani, na jambo likiwa zito kweli kweli, yaani mtuhumiwa ni mtu wa jina, hutafutwa mwakilishi au mbunge wa jimbo. Anayepiga simu hiyo aghalabu si mama wa mtoto. Ni upande wa pili. Maneno yake nimeyasikia mara nyingi mno: "Mheshimiwa, hawa wote ni watu wako. Tusaidie jambo hili lisifike mbali."

Mimi ni msaidizi wa sheria, kaskazini mwa Pemba. Kazi yangu ni kuwaelekeza watu pa kwenda, kuwaandikia barua, na kuwasindikiza polisi, hospitali na mahakamani pale wanapokosa wa kuwasindikiza. Kazi hii imenifanya niamini kwamba mwanasiasa wa Zanzibar anayetaka kusimama na waliodhalilishwa hupimwa kwa simu hiyo. Hotuba yake ya zile Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia Novemba 25 mpaka Disemba 10, mimi hainitoshi mpaka nijue alijibu nini siku alipopigiwa, na kama naye aliinua simu kumpigia mkuu wa kituo.

Sisemi kwamba wanasiasa hawajafanya kitu. Wamefanya, na wengine wamefanya makubwa.

Vijana wengi hawajui kwamba Zanzibar ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyompeleka jela mwanamke asiye na mume akishika mimba. Hebu fikiria msichana aliyebakwa, akapata ujauzito, halafu aambiwe aende akashitaki. Angeingia kituoni akiwa mlalamikaji na pengine atoke mshitakiwa. Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria nyengine badala ya ile, na kifungo kikaondoka. Ilikuwa kazi ya wanasiasa, na ilitanguliwa na kelele za muda mrefu za wanawake wanasheria, waandishi wa habari na wanaharakati. Lakini sheria hufutwa kwenye karatasi kabla haijafutika vichwani. Nimewahi kusimama kizingitini kwa bibi mmoja aliyekataa katakata mjukuu wake asitoke na mimi kwenda hospitali. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja na kanga yake kwa mkono mwengine, akawa anarudia neno moja tu: "Watamfunga. Watamfunga." Alikuwa anaiogopa sheria iliyokwisha kufa zamani. Ilibidi aitwe mwanawe wa kiume kutoka shamba, na mimi nikakaa chini kwenye jamvi nikamweleza bibi taratibu mpaka akaelewa kwamba mjukuu wake hana kosa mbele ya mtu yeyote.

Halafu kikaja kituo cha Mkono kwa Mkono. Kilianza hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika hospitali nyengine za Unguja na Pemba. Kabla yake, aliyedhalilishwa alikuwa akizungushwa: polisi kuchukua fomu ya PF3, hospitali kupimwa, polisi tena kurudisha fomu, na kila mlango anahadithia upya yaliyomkuta, mbele ya watu waliokuja na malaria zao. Sasa daktari, askari na mshauri nasaha wanamkuta mahali pamoja. Faida yake kubwa ni wakati. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita kabla ya hapo inapunguza nguvu yake. Ushahidi wa mwilini na wa kwenye nguo nao haungoji wazee wamalize kikao.

Mwaka 2018 zikaja Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mpya. Adhabu zikakazwa, na makosa kama ubakaji yakatolewa kwenye dhamana. Dk. Hussein Ali Mwinyi aliapishwa kuwa Rais Novemba 2020, na mwanzoni mwa 2021 mahakama maalum za kesi za udhalilishaji zikaanza kazi, Unguja na Pemba. Rais alilisemea jambo hili hadharani tangu siku zake za mwanzo madarakani, na sauti ya mkuu wa nchi ina athari zake. Kesi zilizokuwa zikisota zikaanza kusogea. Sisi wa mashinani tuliona tofauti.

Tuliona pia kitu chengine, ambacho sikisikii kikizungumzwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, inavyostahiki. Dhamana ilipofungwa, shinikizo halikwisha, lilihama tu. Zamani jamaa za mtuhumiwa walikuwa na nafasi ya kupumua: kijana wao akishitakiwa watamtoa kwa dhamana, halafu watahangaika na mashahidi pole pole. Sasa wanajua fika kwamba akishafikishwa mbele ya hakimu harudi nyumbani, anakwenda rumande. Kwa hiyo juhudi zote wanazimaliza kabla ya mashitaka, zile siku mbili tatu za mwanzo, pale jalada linapofunguliwa au linapozuiwa lisifunguliwe. Ndizo saa hizo hizo ambazo mtoto anahitaji dawa na nguo zake zinahitaji kuhifadhiwa. Na ndipo mheshimiwa anapotafutwa, usiku, baada ya sala ya Isha, na watu wazima wanne waliovaa kanzu safi.

Wanamjia kwa muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wako wa karibu. Asiyeishi visiwani huenda asijue uzito wake. Mama wa mtoto na mama wa mtuhumiwa wanateka maji bomba moja. Watoto wao wanasoma madrasa moja. Mmoja amemzika mama wa mwenzake, amekaa tanga, amepika. Pengine waume zao wana mtumbwi wa shirika. Mama akisema "naipeleka kesi mbele", hakuna atakayemvunjia mlango, lakini kesho yake hataitwa kwenye shughuli, atakopa sukari dukani aambiwe daftari limejaa, na mtoto wake mwengine atarudi kutoka madrasa analia. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo anavyoambiwa, na wanaomwambia ni watu anaowapenda. Anapewa fedha kidogo ya "matibabu". Binti akiwa ameshakua kidogo huletwa na posa kabisa, eti kumsitiri, naye akalazwa nyumba moja na aliyemdhulumu.

Mimi naamini hapa ndipo mwanasiasa ana nguvu ambayo hakimu hana, polisi hana, wala mimi sina. Hakimu hawezi kumwambia jirani ampe mama huyu salamu. Mheshimiwa anaweza, kwa kufika tu.

Nitamweleza mmoja. Sitamtaja jina, jimbo wala chama, kwa sababu nikimtaja yeye nimemtaja mtoto, na Pemba ni ndogo. Alikuwa mwakilishi. Mtuhumiwa alikuwa mtu wake wa kampeni, mwenye gari, aliyebeba vipaza sauti na wapiga debe wake uchaguzi mzima. Ami yake mtuhumiwa alikwenda kwa mheshimiwa usiku na wenziwe, na habari ya kikao hicho tuliipata kwa ami mwenyewe, maana alitoka amekasirika akaitangaza barazani akidhani atahurumiwa. "Nimemlea kisiasa yule," alisema. "Kaniambia, 'Ami, mie si hakimu wala si askari. Mkinijia tena kwa hili, mpelelezi nitamwambia kwamba mmenijia.' Hata chai hatukumaliza."

Hayo peke yake yangenitosha. Lakini siku ya mama kutoa ushahidi, mheshimiwa alikuja mahakamani. Alikuja kwa bodaboda, si kwa gari lenye bendera, amevaa shati la mikono mifupi kama mtu anayekwenda sokoni. Mama alikuwa amekaa mwisho wa benchi, peke yake, na benchi lote lililobaki lilikuwa tupu ingawa ukumbi ulijaa watu waliosimama. Hakuna aliyetaka kuonekana amekaa naye. Mheshimiwa akasema, "Assalamu alaikum, dada," akaketi karibu yake kwa masafa ya heshima, akaweka chupa ya maji katikati. Hawakuizungumza kesi. Walizungumza karafuu, kwamba mvua imekawia na mikarafuu ya upande wa kwao haijachanua vizuri. Wanawake wawili waliokuwa wakimrushia mama maneno tangu asubuhi wakanyamaza. Baada ya kitambo kidogo mwanamke mmoja jirani yake, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa mbali akijifanya hamjui, akaja akakaa. Kisha mwengine. Mama alipoitwa ndani, benchi lilikuwa limejaa.

Wako walioniambia kwamba kule ni kuingilia mahakama. Nimelipima sana neno hilo, kwa sababu ni la haki kulipima. Mshitakiwa naye ana haki yake ya kusikilizwa bila hakimu kutishwa na mkubwa. Lakini kesi ya mtoto husikilizwa faragha, na yeye chumba cha hakimu hakukikaribia. Hakuzungumza na mwendesha mashtaka, wala na karani. Alikaa nje, na mahali anapokaa mwananchi yeyote ndipo na yeye ana haki ya kukaa. Kuingilia mahakama ni ile simu ya usiku kwa mkuu wa kituo, na hiyo haina wa kuishuhudia ndiyo maana inaendelea.

Mama alisema yake mpaka mwisho. Hukumu sitaieleza. Mheshimiwa alilipia: wapiga debe kadhaa walimhama, na misikitini zilitiwa fitina kwamba ameuza watu wake. Nasema hili kwa kuwa huwa tunawataka viongozi wawe mashujaa halafu tunawaadhibu wakiwa hivyo. Mimi binafsi kura yangu najua inavyohesabiwa.

Kuna jambo jengine ambalo wanasiasa wetu hulipita kwa haraka, nalo ni watoto wa kiume. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 uliwauliza vijana yaliyowakuta kabla hawajafika miaka 18. Kwa Zanzibar, wasichana waliosema wamefanyiwa ukatili wa kingono walikuwa kama 6 katika kila 100. Wavulana walikuwa kama 9. Soma tena: wavulana zaidi. Nilipoiona takwimu ile mara ya kwanza sikushangaa, kwa sababu wavulana huletwa kwetu, lakini huletwa wamechelewa, na huletwa na mama. Baba hataki. Baba anaona mwanawe akijulikana kwamba amelawitiwa, basi jina la ukoo limekwisha na kijana hataoa. Kwa hiyo mtoto anahamishwa. Ghafla unasikia amepelekwa kwa shangazi yake Mjini, au Tanga, na aliyemfanyia anabaki pale pale, na watoto wengine wanabaki naye. Hotuba za majukwaani zinasema "wanawake na watoto", na mtoto anayefikiriwa anayesema hivyo ni wa kike. Ningependa siku moja nimsikie mwakilishi mwanamme, mtu mzima, mwenye watoto wa kiume, asimame barazani aseme: mwanangu wa kiume akidhulumiwa nitampeleka Mkono kwa Mkono mimi mwenyewe, mchana, watu wakiona. Sentensi hiyo haihitaji bajeti.

Tuna cha kujifunza kwa majirani. Kenya ilipata Sheria yake ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 2006, na aliyeipeleka bungeni ni Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, mwanasheria, ambaye baadaye amekuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Hakuwa waziri. Alipeleka muswada wake binafsi katika bunge lililojaa wanaume, na mjadala ukawa mkali na wa kudhalilisha kiasi cha wabunge wanawake kutoka ukumbini kwa hasira. Ili upite, muswada ulikatwa. Suala la mume kumlazimisha mkewe likatolewa. Na kikaingia kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayemsingizia mtu kosa la kujamiiana atapata adhabu ile ile ya kosa alilomsingizia. Anayekisoma kwa haraka atasema ni haki tupu. Lakini mwenye kuelewa kesi hizi zinavyokwenda anajua kinamwambia nini msichana asiye na shahidi: ukishindwa kuthibitisha, huenda ukafungwa wewe. Kifungu hicho kilikuja kufutwa miaka kadhaa baadaye.

Naileta habari hii kwa sababu nayasikia maneno ya namna hiyo yakianza kusemwa hapa kwetu. Katika kila mkutano hakosi mzee mmoja wa kusimama na kuuliza, "Na hawa wanaosingizia watu, mtawafanya nini?" Swali lina jibu: kutoa ushahidi wa uongo ni kosa tayari, na kila kesi ina hakimu wa kupima. Mwanasiasa anayetaka makofi atamwahidi mzee yule sheria mpya. Anayesimama na waliodhalilishwa atamjibu kwa adabu na atakataa, hata kama mzee huyo ndiye mwenye nyumba iliyomkaribisha.

La mwisho ninalotaka kulisema kwa ukali ni kamera. Imekuwa ada sasa: mtoto akidhalilishwa kijijini, mheshimiwa anakuja na msafara, waandishi, na kijana wake wa mitandao. Mama anapigwa picha anapokea mchele na mafuta. Uso wa mtoto unazibwa, lakini nyumba inaonekana, mwembe wa mbele ya nyumba unaonekana, mama anaonekana, na sheha anatajwa kwa jina. Kufika magharibi kisiwa kizima kinajua ni mtoto wa nani. Nimemsindikiza binti aliyeacha skuli kwa sababu ya video ya msaada, wala si kwa yale yaliyomkuta mwanzo. Hayo alikuwa ameshaanza kuyabeba. Mheshimiwa aliyeileta kamera ile alikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini nia njema haikumrudisha binti darasani. Mchele unaweza kupelekwa usiku na mtu mmoja. Ada ya skuli inaweza kulipwa bila ya risiti kupigwa picha. Mwanasiasa akikosa namna ya kusaidia bila kuonekana, basi na asubiri kidogo, atupe sisi namba ya mtu wa ofisi yake tumpigie panapohitajika kitu.

Na vinahitajika vitu vingi vya kawaida kabisa. Kesi nyingi tunazozipoteza hazipotei kwa hoja za mawakili. Zinapotea kwa nauli. Shahidi anaitwa mara ya kwanza anakuja, anaambiwa kesi imeahirishwa. Mara ya pili anakopa, anakuja, imeahirishwa tena. Mara ya tatu ni msimu wa karafuu au bahari imetulia, na mtu anayekula kwa anachokipata siku hiyo hawezi kuiacha siku nyengine ipotee. Hakimu anangoja, anaahirisha, mwisho anaiondoa kesi, na mtaani inasemwa mtuhumiwa "kashinda". Kuna na daktari. Aliyemchunguza mtoto Pemba amehamishiwa Unguja, na lazima apande boti, alale, atoe ushahidi, arudi. Nani anamlipia tiketi, nani anashika zamu yake wodini siku hiyo? Mpelelezi naye amehamishwa wilaya. Mahakama maalum ikishakuwepo na hukumu zikishakuwa kali, kinachobaki ni boti na daladala.

Haya yanakwenda Baraza la Wawakilishi kila mwaka ndani ya vitabu vya bajeti, na hupita bila swali, kwa sababu fungu la mashahidi halina mvuto wa barabara wala wa bandari. Ninachomwomba mwakilishi wangu, na kila mwakilishi atakayesoma hapa, ni kusimama kikao cha bajeti kijacho na kuuliza kwa jina la jimbo lake: kesi ngapi za udhalilishaji zimeondolewa mwaka huu kwa mashahidi kutofika, na shahidi anayetoka kijijini kwenda mahakamani analipwa nauli yake lini, kabla ya kupanda gari au miezi baada ya kushuka? Wizara ikijibu kwamba takwimu zinaandaliwa, aulize tena kikao kinachofuata. Sisi wasaidizi wa sheria tunazo shajara zetu, zina tarehe na sababu ya kila ahirisho. Tutamletea nakala, majina yakiwa yamefunikwa, siku yoyote atakayozitaka.